Kiraka ni changu, anwani imekufa

Yaya, jambo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Mchana nasaidia katika kiduka cha kutengeneza kompyuta na kuchapisha karatasi. Usiku, umeme ukikubali na mega zikibaki, naandika programu. Mama yangu ni mshonaji wa nguo katika soko la Kenya, ndiyo maana nyumbani wananitania kwamba nami nashona, ila viraka vyangu havivaliki.

Mwaka jana nilianza kuchangia katika programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ya kusimamia maktaba ndogo za shule. Tuliiweka kwenye shule moja ya mtaani kwetu, na majina yenye herufi za Kifaransa yakawa yanaharibika: mtoto anaitwa Hélène, kwenye kadi anatoka na alama za kuuliza. Nikachimba msimbo usiku tatu mfululizo, nikapata kosa, nikatuma kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha kosa. Kikapokewa. Yaya, siku hiyo bukari ilipoa mezani, sikuikumbuka.

Kiraka hicho nilikituma kwa jina langu kamili na anwani yangu ya barua pepe ya kila siku. Sikujua kuwa anwani inabaki pale na kila mtu anaiona. Mwezi haukuisha. Zilianza barua za kazi za uongo: tumeona ujuzi wako, tuma dola 40 tufungue faili lako. Halafu akaja bwana mmoja, simjui, akaandika kwamba ni nadra kuona mwanamke wa Kongo kwenye mambo haya, na kama nina mchumba. Nikanyamaza. Akatafuta jina langu Facebook, akanipata, akamwandikia hata mdogo wangu wa miaka 15.

Basi nikafungua akaunti nyingine kwa lakabu, nikitumia anwani ya dakika kumi, ile ya muda inayojifuta yenyewe. Viraka vitatu vikapita vizuri. Siku moja nikaingia kwa kompyuta ya kazini, tovuti ikaona ni mashine ngeni, ikatuma nambari ya uhakiki kwenye ile anwani. Anwani ilikuwa imekufa zamani, nikabaki nje ya mlango wangu mwenyewe. Nikafungua akaunti ya tatu, safari hii kwa zile tovuti ambapo unajichagulia jina la kisanduku na hakuna neno la siri. Viraka vinne vingine.

Sasa mambo yameharibika. Kiraka kimoja cha akaunti ya pili kilikuwa na kosa kwenye tarehe za kurudisha vitabu. Msimamizi wa mradi alimwandikia mwenye kiraka mara mbili, kimya, wakakiondoa. Kisha akaandika mbele ya watu wote kwamba anaona wachangiaji watatu wenye mkono mmoja, na kwamba hawatapokea tena kazi ya mtu asiyepatikana. Niliposoma niliona haya kama mwizi aliyeshikwa sokoni. Sijajibu mpaka leo.

Juu ya hayo, kuna kampuni hapa mjini inatafuta mtu wa programu, wanataka kuona kazi aliyokwisha kufanya. Kazi ninayo, lakini nitaonyeshaje kuwa ni yangu? Kaka yangu anasema mtu mwema hajifichi, na kwamba nilivuna nilichopanda. Je, nilikosa kujificha? Ile anwani yangu ya kwanza naweza kuifuta? Na huyo msimamizi nimwambie nini?

Mshonaji wa Usiku, Kampemba


Mshonaji, mdogo wangu,

Kabla hujasoma zaidi, kama umeme upo, ingia kwenye akaunti yako ya tatu sasa hivi na ubadilishe anwani. Weka yoyote unayoimiliki kweli, hata ile ya kila siku kwa muda. Kwenye mipangilio ya akaunti haionekani na watu ikiwa umechagua kuificha. Kisha rudi hapa nikueleze kwa nini nimekukimbiza hivyo.

Zile tovuti za visanduku visivyo na neno la siri, kama Mailinator iliyoanza 2003, hazikufichi wewe. Zimejengwa ziwe wazi: yeyote anayeandika jina la kisanduku anasoma kilichomo. Na jina la kisanduku chako liko wapi? Liko kwenye kila kiraka ulichotuma, hadharani. Mtu akiona sehemu ya baada ya @ ataitambua mara moja. Anafungua kisanduku, anaenda kwenye ukurasa wa kuingia, anabonyeza kwamba amesahau neno la siri, barua inafika, anaisoma kabla yako. Dakika mbili, naye ndiye wewe. Wasimamizi wangekuwa wamekupa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye mradi, ruhusa hiyo nayo ingekuwa yake.

Si hadithi ya kukutisha. Mei 2022, kwenye PyPI, ghala la vifurushi vya lugha ya Python, kulikuwa na kifurushi cha siku nyingi kiitwacho ctx. Mwenyewe alikuwa amejiandikisha kwa anwani ya kikoa chake binafsi, yaani jina la tovuti linalolipiwa kila mwaka, kikoa kikaisha muda, hakukilipia. Mtu mwingine akakinunua, akaomba neno jipya la siri, barua ikamfikia yeye. Akapandisha matoleo yaliyokuwa yanachukua funguo na siri za kompyuta zilizoyapakua. Hakuvunja kitu. Alichukua anwani iliyoachwa, na mlango ukafunguka wenyewe.

Sasa tuzungumze.

Kujificha ni haki yako, na baada ya huyo bwana kumwandikia mtoto wa miaka 15 sitaki kusikia mtu akikuuliza sababu. Kilichokuponza ni kwamba ulijificha hata kwa watu unaofanya nao kazi. Muulize mama yako habari za sanduku la posta. Zamani mtu wa Lubumbashi aliandika chini ya barua jina na B.P. fulani, basi. Hakuna aliyejua kama anakaa Katuba au Ruashi, nyumba yake ina geti la rangi gani, ameolewa au hajaolewa. Lakini barua ilimfikia, maana ufunguo wa kisanduku alikuwa nao mfukoni. Wewe ulihitaji sanduku la posta, ukaandika anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Naelewa ilivyotokea. Neno lenyewe linadanganya. Anwani ya kutupa ni nzuri kwa kitu cha kutupa: unataka kupakua faili moja kwa watu watakaokujaza matangazo, unawapa anwani ya dakika kumi, mmemalizana. Kiraka hakiko hivyo. Kinaingia kwenye programu na kukaa miaka, kikiwa kimeandikwa anwani ubavuni, na siku kitakapofumuka mtu atataka kumuuliza aliyekishona alitumia uzi gani.

Tena si kwa makosa tu. VLC unaijua, kila kiduka cha mjini kinachowekea watu filamu kwenye flash kinayo. Ilizaliwa katika shule ya uhandisi Ufaransa. Kuanzia 2011 viongozi wake, Jean-Baptiste Kempf akiwa mbele, walitaka kubadilisha leseni ya kiini cha programu hiyo kutoka GPL kwenda LGPL, yenye masharti mepesi zaidi. Kisheria kila aliyechangia anamiliki alichoandika, kwa hiyo ilibidi kila mmoja aulizwe. Wengine walikuwa wameandika miaka mingi nyuma kwa anwani za chuo au za kazi walizokwisha kuziacha. Ikawa kazi ya upelelezi, kutafuta watu mmoja mmoja. Nakuhakikishia katika wote waliotafutwa hakuna aliyedhani, siku anatuma mistari yake, kwamba atakuja kutafutwa hivyo.

Huyo msimamizi wako, usimwone mkali bure. Watu wa kazi yake wameumwa na nyoka, sasa wanaogopa hata ukamba. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wametuma kwa Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, viraka vyenye kasoro za makusudi, kwa majina ya bandia na anwani za Gmail, ili kupima kama wakaguzi wataziona. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, alikataa michango ya chuo kizima. Kisha likaja la Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili katika xz, programu ya kubana mafaili, mpaka akawa msimamizi mwenza, halafu akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aligundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde na yeye hakukubali kupuuza nusu sekunde.

Najua utanijibu nini: Yaya, huyo Jia Tan alikuwa na anwani hai, na alijibu barua vizuri kuliko watu wema. Kweli. Anwani inayofika haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, na mimi sitakuuzia hilo. Ila mweke msimamizi mbele ya majina matatu yenye mkono mmoja, moja halijibu, katika mwaka wa namna hiyo. Wewe ungefanya nini? Mimi ningefunga duka.

Lakini usidhani dunia ya programu huria inataka kitambulisho chako cha mpiga kura. Angalia Linux yenyewe, ambayo ni ngumu kuliko mradi wako. Kampuni ya SCO ilipoishitaki IBM mwaka 2003 kwa madai kuhusu msimbo ulio ndani ya Linux, mwaka uliofuata ikawekwa desturi kwamba kila kiraka kiwe na mstari wa Signed-off-by, jina na anwani ya anayekula kiapo kwamba ana haki ya kukitoa. Kwa miaka mingi kanuni ilidai jina halisi, ikisema waziwazi kwamba lakabu hazipokelewi. Mwaka 2023 maneno hayo yakabadilishwa: sasa wanataka mtu awe na utambulisho unaojulikana, na wanachokataa ni asiyejulikana kabisa. Yaani Mshonaji anaweza kuwa Mshonaji, mradi ni Mshonaji yuleyule wa jana na kesho. Tofauti hiyo ndiyo barua yako nzima.

Umeuliza kuhusu kufuta anwani ya kwanza. Jibu ni hapana, na afadhali nikuvunje moyo mimi leo kuliko uhangaike wiki mbili. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko kama komiti, na ndani ya komiti kuna jina na anwani ya mwandishi, jina na anwani ya aliyeipokea, saa, na alama ya komiti iliyotangulia. Vyote hivyo vinakorogwa pamoja kutoa alama ya herufi na tarakimu 40, mfano wa alama ya kidole. Ukibadilisha herufi moja ya anwani, alama inabadilika, na kwa kuwa komiti inayofuata imebeba alama hiyo, nayo inabadilika, hivyo hivyo mpaka ya leo. Ni kama kufumua uzi mmoja chini ya gauni: hufumui pale tu. Msimamizi anaweza kuifumua historia yote akitaka, zana zipo, lakini kila aliyenakili mradi atalazimika kuanza upya, na nakala za zamani zitabaki kwenye kompyuta za watu. Kwa anwani moja hatakubali, nami sitamlaumu. Iache. Weka kichujio cha barua hizo za dola 40, badilisha jina lako Facebook au funga ukurasa usionekane kwa wageni, na barua za yule bwana uzihifadhi bila kujibu. Miradi mingi ina kanuni za mwenendo na mtu wa kupelekewa malalamiko. Kama naye ni mchangiaji, wapelekee.

Kinachowezekana ni faili moja ndogo iitwayo .mailmap, inayokaa juu kabisa ya mradi. Kila mstari unasema: mtu huyu na anwani hii ndiye yule aliyeandika zamani kwa anwani ile. Komiti haziguswi, ila amri za Git za kuonyesha historia na kuhesabu michango zinasoma faili hiyo na kukuonyesha mmoja badala ya wawili. Omba akaunti yako ya pili na ya tatu ziunganishwe hapo chini ya lakabu yako. Ile ya kwanza usiitie! Faili hiyo ni ya wazi kama mengine yote, na ukiandika humo jina lako kamili kando ya Mshonaji, umeshamwonyesha yule bwana njia ya nyumbani. Nimeona watu wenye akili wakijifunua hivyo, kwa usafi tu wa kutaka hesabu zao zikae pamoja.

Sasa sanduku la posta lenyewe. Yapo ya namna nyingi, na mengine si sanduku, ni picha ya sanduku.

Ile mbinu ya kuongeza alama ya kujumlisha na neno kwenye Gmail yako, achana nayo kwa jambo hili. Inasaidia kupanga barua, haifichi, maana yeyote anaweza kufuta kuanzia kwenye alama na kubaki na anwani yako halisi. GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya programu, tangu 2017 hukupa anwani yenye nambari na jina la akaunti, inayoishia na users.noreply.github.com, na kuna kitufe cha kukuzuia usitume komiti yenye anwani yako halisi kwa bahati mbaya. Kibonyeze hicho, kimeokoa wengi. Ila jina linajisema: barua ikitumwa huko haifiki popote. Inatosha ikiwa mradi wako hufanya mazungumzo yote ndani ya GitHub na akaunti yako haitakufa. Kwa mtu ambaye amekwisha kulaumiwa kwamba hapatikani, mimi nisingeitegemea peke yake.

Kuna huduma za kupitishia barua: unapewa anwani ya ajabuajabu, na kila kinachotumwa huko kinaangukia kwenye kisanduku chako cha kweli bila mtumaji kukijua. SimpleLogin, ambayo tangu 2022 ni ya Proton, addy.io, na Firefox Relay ya Mozilla, ambayo bila malipo hukupa anwani 5. Ni nzuri, na anwani ikianza kuoza kwa matangazo unaizima. Jambo la kukagua kabla hujachagua ni kama unaweza kujibu kupitia anwani hiyo hiyo. Kwenye Relay kujibu ni kwa wanaolipa. Usipoangalia, utamjibu msimamizi kwa furaha zote kutoka kisanduku chako cha kweli, na jibu litatoka na jina la baba yako juu.

Jambo jingine: baadhi ya ghala za programu zina orodha ya vikoa vya anwani za kutupa na huzikataa wakati wa kujiandikisha. PyPI hufanya hivyo, maana wahalifu wanazipenda kwa sababu zile zile ulizozipenda wewe.

Kwako wewe, mwenye mega za kuhesabu na simu moja, ningechagua kitu cha kawaida kabisa: kisanduku cha pili kamili, kwenye kampuni yoyote kubwa, kwa jina la Mshonaji au lakabu nyingine, chenye neno lake la siri, na barua zake zipitishwe mpaka kwenye kisanduku unachokifungua kila siku. Hakina ufundi, ndiyo sifa yake. Ukichagua Google kumbuka kwamba tangu mwisho wa 2023 wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2, kwa hiyo uingie mle mara moja moja. Na usinunue kikoa chako mwenyewe kwa sasa, hata kama rafiki anakwambia ndiyo uungwana wa wahandisi. Kikoa kinalipiwa kila mwaka. Mwaka ambao kadi itagoma ndio mwaka utakaomkumbuka mtu wa ctx.

Ukishakipata, nenda kwenye folda ya mradi uandike git config user.email na anwani mpya, na git config user.name na lakabu. Fanya ndani ya folda ile, si kwa kompyuta nzima, ili kazi za kidukani zisije zikavaa jina la usiku. Kisha tazama komiti yako ya mwisho kabla ya kuituma. Utaona na saa pale, na mbele yake +0200. Hiyo ni saa ya Lubumbashi. Mtu wa Kinshasa angekuwa na +0100. Sisemi uifiche. Najua tu kwamba unapenda kujua kila kinachotoka mlangoni kwako.

Msimamizi mwandikie hivi, Kiingereza utaweka mwenyewe: Viraka vya akaunti hizi mbili ni vyangu. Nilitumia anwani za muda kwa sababu anwani yangu ya mwanzo ilitumiwa kunisumbua mimi na mtu wa nyumbani kwangu. Ningepaswa kuchagua anwani inayofika. Samahani kwa barua mbili ambazo hazikujibiwa. Kuanzia leo natumia lakabu hii na anwani hii, naisoma kila siku. Kosa la tarehe nimelielewa, na kiraka kilichosahihishwa kiko hapa.

Umeona mahali uzito ulipo? Kwenye sentensi ya mwisho. Usitume barua bila kiraka. Msimamizi anayejitolea, akirudi jioni kutoka kazini kwake, hana haja ya machozi yako wala historia ya familia. Anataka tarehe za kurudisha vitabu zikae sawa. Keti kwanza usahihishe, hata ikichukua wiki, halafu utume vyote pamoja. Kuhusu akaunti ya kwanza, yenye jina lako kamili, mwambie kwa barua ya faragha, kwa kuwa ameshahesabu watatu na hufai kumwacha akihesabu. Mbele ya wote taja mbili tu.

Akikataa? Inawezekana, na atakuwa na haki. Kuna shule ya mtaani kwenu inayoitumia programu ile, na watoto wakina Hélène majina yao yako sawa kwa sababu yako. Nakili mradi, endelea kuutengeneza kwa ajili ya shule hiyo, leseni inakuruhusu. Miezi sita ya kazi safi kwa anwani moja inayojibu itazungumza naye kuliko barua.

Nimebakiza kampuni. Hapa watu wengi hudhani anwani ndiyo ushahidi, kumbe hata kama ungetumia yako halisi siku zote isingethibitisha kitu: Git haikagui. Mimi sasa hivi naweza kuandika jina lako na anwani yako kwenye komiti yangu, nayo itaikubali. Kinachothibitisha ni ufunguo. Tangu toleo 2.34 la mwaka 2021, Git hukubali utie sahihi komiti kwa ufunguo wa SSH, ule ule ambao pengine unautumia kutuma kazi. Anza leo, kwa viraka vijavyo. Kwa vya nyuma, akaunti ya tatu utaifungua mbele yao, kwa simu yako. Ya pili umefungiwa nje, lakini kwenye kompyuta yako yapo matawi ya majaribio ambayo hukuyatuma, yale mabaya, yenye makosa ya usiku wa kwanza na wa pili. Nenda nayo. Mtu aliyeiba kiraka hana vipande vilivyokatwa vibaya chini ya cherehani. Na mwajiri mwenye akili atakuuliza kwa nini herufi ya é iligeuka alama ya kuuliza. Utakapoanza kumweleza namna faili iliandikwa kwa usimbaji mmoja, yaani kanuni moja ya kugeuza herufi kuwa namba, na kusomwa kwa mwingine, atasahau kuuliza habari za anwani. Jina lako kamili utampa yeye, ofisini, na umwombe lisiandikwe kwenye tovuti yao kando ya lakabu.

Kaka yako mpe salamu. Mwulize simu yake ina laini ngapi, na ile ya pili huwa anampa nani nambari yake.

Yaya